Bei Ibandikwe Mlangoni

Jumapili moja, katika kanisa moja la Walungu, Kivu Kusini, ambalo halitatajwa hapa, mhubiri alisimama akasema Bukavu imeharibika kiasi kwamba sasa wako watu wanaolipisha dola ili kusikiliza machozi ya wenzao. Waumini wakacheka, wengine wakapiga makofi. Akaendelea: zamani mtu akiwa na moyo mzito alikwenda kwa shangazi yake, wakaketi jikoni, wakalia pamoja, yakaisha. Dakika chache baadaye akatangaza sadaka ya pili, ya kununua vyombo vya muziki.

Kauli hiyo ya dola na machozi imeenea Bushi nzima, nchi ya Washi. Inasemwa kwenye vituo vya pikipiki, kwenye mikutano ya akina mama, hata na wauguzi ambao wao wenyewe hawamgusi mgonjwa kabla hajanunua fishi ya matibabu. Wanasema dawa ina bei, sindano ina bei, upasuaji una bei, lakini maneno ni bure, na anayetoza kwa maneno ni mwizi. Ni imani mbaya, na wanaoumizwa nayo ni wale wale inaodai kuwatetea.

Tuanze na huyo shangazi. Walungu ni wilaya ya himaya mbili za machifu, Ngweshe na Kaziba, na kwa zaidi ya miaka ishirini vijiji vyake vimelala macho. Kaniola, Mei 2007, watu 17 waliuawa kwa usiku mmoja na wengine wakatekwa kupelekwa msituni. Mwanamke wa Kaniola ambaye hadi leo anaruka kitandani mbwa akibweka, anaambiwa aende akamweleze shangazi. Lakini shangazi naye alikimbia usiku ule ule. Naye hajalala. Isitoshe, shangazi ni dada wa baba, ana neno katika ndoa za ukoo, na atakachoambiwa leo jikoni kitafika kwa wakwe kabla ya siku ya soko la Mugogo. Anayemshauri mwanamke aliyebakwa akaseme siri yake jikoni kwa ndugu hajawahi kufikiri hata kidogo kuhusu mwanamke huyo anarudi kulala nyumba ya nani.

Na kuna ushahidi, tena wa hapa hapa kwetu. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Judith Bass na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliofanywa pamoja na shirika la International Rescue Committee, Kivu Kusini hasa. Vijiji vilikuwa 15, wanawake 405, wote wameona au wamefanyiwa ukatili wa kingono na wote wana dalili nzito. Katika vijiji 7 walipewa tiba ya kisaikolojia yenye utaratibu: vikao 12, kimoja cha mtu peke yake na 11 vya kikundi, kila kikao na kazi yake. Katika vijiji 8 walikuwa na msaidizi aliyezoea kazi hiyo, mwenye kuwasikiliza na kuwasaidia kila walipomhitaji. Miezi sita baada ya tiba kwisha, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi upande wa tiba walikuwa asilimia 9. Upande wa kusikilizwa walikuwa asilimia 42.

Tisa kwa arobaini na mbili. Hao wa asilimia 42 hawakuachwa peke yao. Walisikilizwa na watu wenye uzoefu kuliko shangazi yeyote. Kilichokosekana ni utaratibu: saa inayojulikana, vikao vinavyofuatana, na zoezi la kufanya kati ya kikao na kikao. Walioendesha tiba ile hawakuwa madaktari wakubwa. Wengi walikuwa wasaidizi wa kawaida wenye miaka michache ya shule baada ya msingi, waliofundishwa mbinu hiyo na kusimamiwa kwa karibu, wakifanya kazi kwa Mashi, Kihavu, Kifuliru, Kibembe na Kiswahili. Hiyo ni kazi. Inafundishwa, inakosewa, inasahihishwa, inachosha mwili.

Hapa mtetezi wa bure atadandia: mbona wanawake wale hawakulipa? Kweli, hawakulipa. Ila wasaidizi walilipwa, mafunzo yalilipiwa, magari yalitiwa mafuta. Bure haipo na haijawahi kuwepo. Kila bure ina mlipaji, na swali pekee lenye maana ni huyo mlipaji ni nani.

Hata Ulaya ilikozaliwa tiba ya mazungumzo, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1918, mjini Budapest, Sigmund Freud, mwanzilishi wake, aliwaambia wenzake kwamba maskini ana haki ya kutibiwa nafsi kama anavyotibiwa mwili. Miaka miwili baadaye ikafunguliwa kliniki mjini Berlin, ambako mgonjwa alilipa anachoweza na asiyeweza hakulipa. Inapendeza kusimuliwa. Wanaoisimulia husahau kumtaja Max Eitingon, aliyetoa fedha za kuiendesha kutoka katika mali ya familia yake iliyofanya biashara ya ngozi za manyoya. Mgonjwa wa Berlin alitibiwa bure kwa sababu Eitingon alilipa.

Kivu imelipiwa na akina Eitingon wengi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu maelfu ya wanawake bila kuwadai kitu, na wasaidizi wake wa kisaikolojia, wanaoitwa "maman chérie", wameshika mikono ambayo familia ziliiacha. Hakuna neno hapa dhidi yao. Aliyebakwa asidaiwe hata senti moja, leo wala kesho, na anayefikiri makala haya yanasema vinginevyo hajayasoma. Lakini Mukwege mwenyewe amezunguka dunia nzima miaka yote hii akitafuta fedha, kabla na baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018, kwa sababu anajua bure ya Panzi inagharimu kiasi gani.

Halafu ikaja Januari 2025. Serikali mpya ya Marekani ikasimamisha misaada ya nje, na Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu Kongo. Mwezi uliofuata waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Benki zikafungwa. Miradi ya kusikiliza watu iliyokuwa na tarehe ya mwisho kwenye karatasi ikapata tarehe mpya ya mwisho: leo. Mgonjwa aliyekuwa katikati ya vikao vyake, ambaye juzi alitamka kwa mara ya kwanza jambo alilolibeba miaka, anabisha hodi na kukuta mlango umefungwa. Hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa hakuwa na mkataba na mtu. Alikuwa "mnufaika".

Neno hilo linakera kuliko yote. Mnufaika hachagui saa, hachagui msaidizi, hajui faili lake linasomwa na nani. Wageni wakija na kamera, anaitwa aeleze tena. Na ili awe mnufaika lazima awe katika aina ya mateso iliyoandikwa kwenye mradi. Mwaka 2012 Nynke Douma na Dorothea Hilhorst wa Chuo Kikuu cha Wageningen walitoa ripoti yenye jina la "Fond de commerce?", wakaonyesha jinsi msaada ulivyoelekezwa kwa ukatili wa kingono hadi baadhi ya wanawake wakalazimika kusema wamebakwa ili wapate huduma walizozihitaji kwa sababu nyingine. Wanawake hao wasisutwe. Asutwe aliyejenga mlango wenye ufunguo mmoja. Mwalimu wa Burhale ambaye hajalipwa na anaanza kusahau majina ya wanafunzi wake, mchimba dhahabu wa Mukungwe aliyetoka shimoni peke yake, mjane ambaye mume alikufa kwa ugonjwa wa kawaida tu na hakuna mradi wa wajane wa namna hiyo: hawa wote hawamo kwenye fomu. Ofisi ya binafsi yenye bei mlangoni ndiyo mahali pekee ambapo hawataulizwa kwanza kama mateso yao yanafaa.

Wazee wa Bushi walilijua hili vizuri kuliko wahubiri wa siku hizi. Shamba lilipatikana kwa kalinzi, yaani kwa kumtolea mwenye ardhi ng'ombe, na aliyetoa ng'ombe wake alijua amepewa nini. Wazee walioketi kupatanisha familia waliwekewa kasiksi, pombe ya ndizi, mbele yao. Hakuna aliyewaita wezi. Leo mtu anaambiwa apokee tiba bure halafu apeleke "asante", na asante haina kipimo. Kuku mmoja? Mkungu wa ndizi? Msaidizi akimwoza mwanawe, mgonjwa aende na nini? Bei ya dola tatu inalipwa na kuisha, watu wakaagana. Asante haiishi. Mgonjwa anaondoka na deni juu ya ugonjwa wake, na mwenye deni hawezi kusema "leo umenikosea, sitaki kuendelea". Anayelipa anaweza. Kwa mgonjwa wa nafsi, ambaye mara nyingi aliumizwa na mtu mwenye nguvu kumzidi, uwezo huo wa kusema sitaki ni sehemu ya dawa.

Wapo wanaochukizwa zaidi na saa kuliko pesa. Machozi yapimwe dakika hamsini? Freud aliandika juu ya hilo mwaka 1913, na aliandika waziwazi: kila mgonjwa ana saa yake, ni mali yake, na asipokuja anailipia, maana hakuna mwingine aliyepewa. Aliongeza kwamba deni lisiachwe lirundikane, na kwamba kwa miaka kama kumi alikuwa akitenga saa moja au mbili kila siku kwa wagonjwa wa bure, akaona kwamba bure iliweza kuufanya uponaji kuwa mgumu zaidi. Wale wanaoona ukatili katika saa inayojulikana wajaribu kungoja kwenye baraza la kituo cha afya tangu alfajiri hadi saa nane mchana, bila kujua kama wataonwa. Huo ndio ukatili. Aliyepewa saa nne kamili Alhamisi amepewa heshima.

Bila shaka kanuni hiyo ya Freud haiwezi kuhamishiwa Walungu kama ilivyo. Mvua ikikata barabara ya Bukavu, risasi zikilia upande wa Kaniola, mtoto akiwa na homa, kukosa kikao hakulipiwi, na hilo liandikwe. Iandikwe pia kama malipo ni kwa faranga au dola, na kwa kiwango kipi cha siku hiyo, kwa sababu hapa noti ya dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha mara nyingi inakataliwa. Iandikwe nani analipa makato ya M-Pesa au Airtel Money. Na juu ya yote iandikwe siri inaishia wapi: kwamba msaidizi atasema nje kitu gani tu, kwa mfano maisha ya mtu yakiwa hatarini, na kwamba mume, padri, chifu na kamanda wakija kuuliza, hawatajibiwa.

Mhubiri yule alimaliza kwa Mathayo sura ya 10, pale mitume wanapoagizwa watoe bure walichopewa bure. Angeendelea kusoma mistari miwili tu. Sura ile ile, katika mstari wa 10, inasema juu ya haki ya mfanyakazi kulishwa kwa kazi yake. Isitoshe mwanasaikolojia hakupewa bure chochote. Alilipa minervali, ada ya masomo, miaka mitano mjini Bukavu, alilipia tasnifu yake, alilipa chumba cha kupanga Kadutu chenye paa linalovuja.

Wanasaikolojia nao wasishangilie mapema. Wengi wao ndio waliolisha imani hii. Mwandishi wa safu hii aliwahi kumsindikiza ndugu yake kwenye ofisi moja mjini, bei haikuandikwa popote, na ilipotajwa ilitajwa baada ya mwenye ofisi kutazama simu ya mgonjwa. Kikao cha pili bei ikapanda. Katikati ya mazungumzo simu ya mwenye ofisi iliita, akaipokea. Ndugu huyo hakurudi, na sasa naye anasema maneno ni bure. Bei inayofichwa mezani ni mnada, na anayeifanya hivyo anamharibia kazi yule msaidizi mwaminifu wa Nyangezi au Walungu-Centre.

Vituo vya afya vya Kongo hubandika bei zao ukutani, na kamati za afya za wananchi, CODESA, huketi kuzijadili na wananchi. Mstari mmoja uongezwe kwenye karatasi hiyo: kikao cha tiba ya kisaikolojia, dakika ngapi, faranga ngapi, na nani haruhusiwi kulipishwa. Mutuelle za afya, yaani bima za pamoja, zinazosimamiwa na BDOM, ofisi ya tiba ya jimbo kuu Katoliki la Bukavu, tayari hukusanya mchango wa mwaka kutoka kwa wakulima wasio na mshahara. Wanachama waulize kwenye mkutano mkuu ujao vikao vingapi vya namna hii vinaweza kuingizwa kwenye mchango huo. Vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana vya MUSO, ambavyo vina kisanduku cha msaada kwa ajili ya kilio na ugonjwa, vihesabu kukosa usingizi miaka kumi kuwa ugonjwa. Makanisa nayo, kama kweli yanataka maskini asilipe, yana vikapu vya sadaka kila Jumapili. Parokia moja ikilipia wagonjwa kumi vikao kumi na viwili kila mmoja, mapadri na wachungaji watakuwa na haki ya kuzungumzia bei ya machozi.

Hadi siku hiyo, mwanamke wa Kaniola anayetoa pesa yake ya mihogo kulipia saa yake ya Alhamisi asichekwe kanisani.