Hame si Pori

Katika nyaraka za serikali yetu kuna neno moja dogo linaloweza kumnyang'anya mkulima ardhi pasipo askari wala bunduki. Neno hilo ni pori. Afisa akishaandika "pori" katika fomu yake, swali la nani alifyeka hapo, nani alizaliwa hapo na nani amezikwa hapo huwa limekwisha kabla ya kuulizwa.

Kiangazi kilichopita nilikwenda na wanafunzi wangu hadi ukingo wa nyanda za juu za Makonde, ng'ambo kidogo ya mji wa Newala, upande ule ambao ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma likitanda chini hadi Msumbiji. Mzee aliyetuongoza alisimama mbele ya kichaka cha miiba kilichoshonana, akasema, "Mwalimu, hapa ndipo mlango." Hatukuona mlango wowote. Akainama, akapita, nasi tukamfuata mmoja mmoja katika kinjia kilichopinda mara tatu, hata tukatokea penye uwazi wa mviringo: vigae vya vyungu, jiwe la kusagia lililochakaa katikati, na pembeni makaburi ambayo mzee aliyataja moja baada ya jingine kwa majina ya upande wa mama. Mwanafunzi mmoja, mtumishi wa halmashauri aliyerudi masomoni, alicheka kwa aibu. Alituambia kwamba eneo kama hilo yeye mwenyewe angeliandika pori.

Lile ni hame, kijiji kilichohamwa. Kusini mwetu yamejaa.

Tukumbuke yalivyojengwa. Karne ya 19 njia za watumwa ziliteremka kutoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na bandari nyingine za pwani, na mashambulizi ya Wangoni, walioitwa Magwangwara, yalifika hadi nchi hii. Masasi, ambako Askofu Edward Steere aliwaweka watumwa walioachwa huru mwaka 1876, ilivamiwa na kuchomwa mwaka 1882. Wamakonde hawakuwa na mfalme wa kuwakusanya wala jeshi la kudumu. Walichokuwa nacho ni kilimo. Walifyeka, wakachoma, wakapanda mtama, muhogo na kunde. Ardhi ilipochoka wakaiacha ipumzike, na juu yake kikaota kichaka kizito kuliko msitu wa mwanzo. Kichaka hicho kilirudisha rutuba, na papo hapo kikawa ukuta. Adui alilazimika kuingia kwa kinjia chembamba, mmoja nyuma ya mwenzake, na hapo wingi wake haukumfaa kitu. Waliishi juu, mbali na mito, na wanawake wakateremka na kupanda miinuko kufuata maji. Gharama ya usalama ilibebwa kichwani mwa mwanamke, nasi tunaosifu werevu wa ngome ile tusilisahau hilo.

Mjerumani Karl Weule, mkuu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alikaa Newala mwaka 1906 na akaona wazi kwamba kichaka kile hakikuwa asili ya nchi bali zao la kilimo cha wenyeji. Kwa jicho lake la kikoloni aliona uharibifu wa msitu, wala hatuna haja ya kukubaliana naye. Ila hata yeye alijua kwamba alikuwa akitazama kazi ya mikono ya watu. Maafisa wetu wa leo, wengi wao wakiwa na shahada, wanatazama kitu kilekile na kuona utupu.

Kwa nini? Kwa sababu tumefundishwa kwamba historia ni mawe na wafalme. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na zilistahili. Machemba, mkuu wa Wayao aliyewagomea Wajerumani kutoka ngome yake juu ya nyanda hizihizi, anatajwa vitabuni kwa kuwa alipigana na kwa kuwa aliandika barua ya Kiswahili mwaka 1890 iliyosalia katika kumbukumbu za watawala. Majirani zake waliojificha vichakani, wakalima na wasiandike barua kwa mtu, hawana ukurasa. Vinyago vya wajukuu wao tunavipanga madukani uwanja wa ndege kuwa fahari ya taifa. Udongo waliouishi tunaupimia viwanja.

Sheria yenyewe inasaidia upofu huu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda ngome, mahandaki na kazi nyingine za udongo, ilimradi zilifanywa kabla ya mwaka 1863. Mmakonde aliyekimbia Magwangwara katika miaka ya 1880 amechelewa, basi, kuingia katika historia ya nchi yake! Na ukuta wa miti hai utauwekea tarehe gani? Kweli, Waziri ana mamlaka ya kutangaza mahali pa baadaye kuwa kumbukumbu. Ndiyo maana siilaumu sheria peke yake. Jirani zetu wa Uganda wanayahifadhi mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, zaidi ya kilomita kumi za mitaro na matuta ya udongo mtupu, na hakuna aliyewauliza mbona hayana mawe.

Lakini mniwie radhi, sikuandika ili kudai kibao cha watalii. Kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, katika tafsiri yake ya "ardhi ya jumla", inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Dada yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, inatambua kuwa ardhi iliyopumzishwa ndani ya miaka 12 kabla ya kutungwa kwake ni ardhi ya kijiji. Kati ya tafsiri hizo mbili kuna mwanya ambao mwekezaji anaweza kupita na trekta lake. Hame lenye vigae, makaburi na mwembe wa zamani ni ushahidi kwamba ardhi ile ilitumika na kupumzishwa kwa utaratibu. Likisawazishwa kwa tingatinga, ushahidi umekwenda, na limebaki neno la mzee mbele ya karatasi yenye muhuri.

Tumewahi kuonywa. Mwaka 1947 Waingereza walileta mitambo Nachingwea, jirani na Masasi, kulima karanga katika nchi waliyoiona tupu. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeachwa na mamilioni ya pauni yamepotea. Kisha sisi wenyewe, kwa agizo la Novemba 1973 kwamba kila mwananchi wa vijijini awe anaishi kijijini ifikapo mwisho wa 1976, tukazalisha mahame mapya juu ya yale ya zamani.

Najua nitajibiwa kwamba wenyeji wenyewe waliyaacha, tena wengine wanayaogopa. Kuhama si kutupa. Nani kati yetu amelitupa kaburi la bibi yake kwa kuwa anaishi Dodoma? Nitaambiwa pia kwamba mikorosho inahitaji nafasi. Inahitaji, na mkulima wa Newala anajua kupanda mkorosho kando ya hame bila kulifukua. Amefanya hivyo miaka mingi.

Ninachodai ni kidogo na hakingoji bajeti ya Bunge. Kila kijiji cha Masasi na Newala kinachoandaa mpango wa matumizi ya ardhi kiyaandike mahame yake kwa majina, pamoja na ukoo uliohama, na mkutano mkuu wa kijiji uyapitishe. Vyuo vyetu vitoe wanafunzi wa akiolojia wa kuyapima, na maafisa ardhi wa wilaya wakatae fomu yoyote yenye neno "pori" isiyosainiwa na wazee wa mahali.

Yule mtumishi wa halmashauri ameomba nakala ya ramani tuliyochora siku ile. Nimempa mbili, moja ya kwake na moja ya faili.