Fahali aliyewatoa makarani jasho

Msomaji mpenzi, ikiwa una mtoto anayesema "selasini" badala ya "thelathini," usimcheke kwanza. Sauti hiyo ya "th" iliwasumbua makarani wa Kiaramu karibu miaka elfu tatu iliyopita, na taabu yao inaonekana wazi katika jina la ng'ombe.

Waaramu waliishi Syria ya kale. Ili kuandika, waliazima herufi 22 za Wafoinike, majirani zao wa pwani. Wafoinike hawakuwa na sauti ya "th," basi hawakuwa na herufi yake. Waaramu walikuwa nayo, hata katika jina la fahali, ambaye Waarabu humwita "thawr" hadi leo. Ungekuwa wewe karani, ungeandikaje?

Kila mmoja alijitafutia njia. Mnamo 1979 ilifukuliwa sanamu ya mtawala huko Tell Fekheriye, kaskazini mashariki mwa Syria. Ni ya karne ya 9 Kabla ya Kristo, na kwenye vazi lake imechongwa laana: atakayelifuta jina la mwenye sanamu, ng'ombe wake mia wamnyonyeshe ndama mmoja, na ndama asishibe! Ng'ombe hao wameandikwa kwa "s." Huko Sefire, karibu na mji wa Aleppo, mikataba ya karne ya 8 ina laana kama hiyo, ila ng'ombe ni saba, nao wameandikwa kwa "sh." (Hizo ni laana za wafugaji hasa. Mfugaji wa Kajiado hangehitaji mkalimani.)

Baadaye ndimi zenyewe zikageuka. "Th" ile ikawa "t," makarani wakapumua. Fahali akawa "tora" na ng'ombe jike "torta," kwa kuwa "ta" ya mwisho ni alama ya kike. Waebrania walishika njia yao, wakasema "shor." Nanyi wanafunzi, pimeni kwa themanini: Waarabu "thamanin," Waebrania "shmonim," Waaramu "tmanin." Sisi yetu tuliipata kwa Waarabu, "th" na yote.

Jina hilo lingali hai. Katika Kituroyo, Kiaramu cha Tur Abdin kusini mashariki mwa Uturuki, fahali ni "tawro", Waashuri husema "tawra." Lakini wasemaji wametawanyika. Wengi wa Tur Abdin walihamia Ulaya, hususan mji wa Södertälje, Sweden. Nchini Syria Kiaramu cha Magharibi kilikuwa kimebakia katika vijiji vitatu tu, kimoja kikiwa Maaloula, na mwaka 2013 vita vilifika huko, wakazi wakakimbia. Mtoto anayekulia Sweden ataisikia "tawro" wapi, kama si kwa mamake au nyanyake? Mzazi wa Nairobi ambaye mwanawe hawezi kuongea na nyanyake akija kutoka mashambani anaujua uchungu huo.

Wafoinike nao walikuwa na jina jingine la ng'ombe, "alp," na ndilo waliloiitia herufi yao ya kwanza, ambayo zamani ilianza kama mchoro wa kichwa cha ng'ombe. Ndiyo alifu tunayoanza nayo chuoni. Ndiyo pia A ya shule. Iandike kubwa kwenye karatasi, kisha igeuze juu chini: utaona pembe mbili.