"Ah" Si ya Mtu Mmoja

Kila Ijumaa tunasomewa Al-Israa, aya ya 23: usiwaambie wazazi hata "ah". Sawa. Lakini mbona macho yote yanamgeukia binti aliyebaki nyumbani Majengo, anayembadilisha mamake daipa alfajiri, kisha anapeleka watoto shule, kisha anakopa ya karo na ya dawa za sukari? Kaka zake watatu wanatuma "amin" kwenye grupu la familia, halafu kimya.

Aya ile haikumtaja binti peke yake. Na fiqhi iko wazi: mzazi asiyejiweza ni jukumu la watoto wake wenye uwezo, si la yule aliye karibu na jiko. Al-Baqara, aya ya 286, inasema Mungu hambebeshi mtu asichokiweza. Sisi tunambebesha, halafu tunaita subira.

Msikiti nao usijifiche. At-Tawba, aya ya 60, inataja mafungu 8 ya wanaopewa zaka, wenye madeni wakiwemo. Aliyekopa dawa za mamake ni nani kama si huyo?

Bro, Pepo iko chini ya nyayo za mama. Nyayo hizo zina vidonda. Njoo uzioshe. Zamu yako ni Jumamosi.