Nyumba Kariakoo, Mshahara Muscat

Muuguzi anayekwenda kufanya kazi Muscat huhangaikia viza, leseni ya taaluma na chanjo. Kodi haimjii akilini. Hapa nchini mwajiri alimkata kila mwezi, naye hakuzoea kujaza ritani.

Wengi husadiki kwamba asiyetimiza siku 183 nchini kwa mwaka si mkazi. Kigezo hicho kipo, ila si pekee. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humhesabu pia kuwa mkazi mwenye makazi ya kudumu nchini, akiwapo hata sehemu ya mwaka tu. Basi mwenye nyumba yake Kariakoo, aliyerudi wiki mbili kumuuguza mama, aweza kuwa mkazi. Na mapato ya mkazi hutozwa kodi hata yakichumwa ng'ambo. Kodi iliyolipwa ugenini huweza kupunguza deni la nyumbani, lakini Oman hadi sasa haikati kodi ya mshahara, hivyo hana cha kupunguziwa.

Ni dhuluma mtumishi wa afya kuyajua haya kwa barua ya madai. Vyuo vinavyowaandaa wauguzi kwa kazi za nje viwaite maofisa wa Mamlaka ya Mapato darasani, tiketi zikiwa bado hazijakatwa.