Kamera ni jembe, si dini: wapiga foto wa Goma, acheni kugombana juu ya jina la kampuni

GOMA – Nyinyi mlio nyumbani na nyinyi ambao bado mko mbali na vijiji vyenu, leo sizungumzii bei ya unga wala hali ya barabara. Nazungumzia kamera, au aparei kama tunavyoiita hapa kwetu. Msiseme hilo ni jambo la vijana wa studio tu. Nyinyi ndio mnaolipa foto za ndoa, za ubatizo, za matanga na za karatasi za shule. Nyuso zenu ndizo zinazopigwa foto kambini. Ugomvi wa wapiga foto unawagusa mfukoni na unagusa heshima yenu.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mwenye Canon anamcheka mwenye Nikon. Mwenye Nikon anasema Canon ni ya watu wa ndoa. Mwenye Sony, aliyekuja nyuma, anawacheka wote wawili kwamba wamezeeka. Halafu wote watatu wanaungana kumcheka kijana anayefanya kazi kwa simu. Mteja naye amefundishwa ugonjwa huo huo. Badala ya kusema «nionyeshe foto ulizopiga», anauliza kwanza «unatumia marke gani?»

Nasema wazi: ushabiki huo hauna msingi. Unakula pesa za watu ambao hawana pesa, na unawafungia mlango vijana ambao tunawahitaji sana.

Tuanze na swali moja. Ewe mpiga foto unayeapa kwa jina la kampuni yako, ni nani aliyekuchagulia? Jibu la kweli, kwa wengi, ni hili: si wewe. Ulijifunza kwa kaka mkubwa aliyekuwa na kamera ya aina fulani, nawe ukashika vifungo vyake mpaka vidole vikazoea. Au mjomba alirudi kutoka Kampala au Dubai na kamera aliyoipata kwa bei nafuu. Au studio iliyokupa kazi ilikuwa na betri na lensi za aina moja tu. Ile uliyoikuta ndiyo uliyoipenda. Baadaye ukatafuta sababu za kusema ndiyo bora kuliko zote.

Hilo si aibu, na halikuanza na sisi. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye leo foto zake zinatundikwa katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, alianza na Kodak Brownie ndogo aliyoletewa na mjomba wake kutoka Senegal mwaka 1935. Hakuketi kulinganisha kampuni. Alipewa, akapiga. Jean Depara, mzaliwa wa Angola aliyetupigia maisha ya usiku ya Kinshasa ilipokuwa bado inaitwa Léopoldville, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili apate ukumbusho wa ndoa yake. Miaka michache baadaye Franco, mwanamuziki tunayemjua wote, alimchukua kuwa mpiga foto wake. Leo ni vijana wangapi wa Goma wanaolijua jina la Adox? Lakini foto za Depara bado zinazungumza.

Hata sifa ya Nikon ilizaliwa hivyo, kwa mtu kukutana na kifaa. Mwaka 1950 David Douglas Duncan, mpiga foto wa gazeti la Life la Marekani, alikuwa Japani. Akaonyeshwa lensi za kampuni hiyo, akazijaribu, akashangaa, akaenda nazo kwenye vita vya Korea. Wenzake waliona foto zake, nao wakazitaka lensi hizo. Angalieni vizuri njia ya habari hiyo: mtu mmoja alijaribu kwa mkono wake, wenzake wakaangalia kazi aliyoifanya. Sisi tumeigeuza. Tunaangalia jina kwenye mkanda wa shingoni, kazi tunaiacha.

Najua mtanijibu. Mtasema: «Muandishi, wewe hujui. Mtu akishanunua lensi za kampuni moja hawezi kuhama hivi hivi.» Kweli kabisa, na hiyo ndiyo sababu moja nzuri ya kubaki. Lensi ya Canon haiingii kwenye mdomo wa Nikon. Ukiwa na lensi tatu, chaji mbili na betri nne za kampuni moja, kuhama ni kuuza vyote kwa hasara na kuanza upya. Tena kuna sababu ya pili, kubwa zaidi katika mji kama wetu: wenzako. Kama rafiki zako watano wana aina moja, siku lensi yako imeanguka kwenye mawe ya volkano utaazima kwao, na ndoa ya watu haitaharibika. Fundi anayejua kufungua aina moja hawezi kufungua zote. Kubaki kwa sababu hizo ni akili. Mkulima naye hatupi jembe ambalo mpini wake umeshazoea mkono.

Lakini mkulima hatukani jembe la jirani. Wala hakopi pesa ili abadilishe jembe kwa sababu jirani amemcheka. Hapo ndipo ninapogombana nanyi.

Mnaapa uaminifu kwa kampuni. Je, kampuni imewaapia nini? Mwaka 1987 Canon ilileta namna mpya ya kushikiza lensi kwenye kamera. Watu waliokuwa wamenunua lensi za zamani kwa miaka mingi waliambiwa, kwa vitendo, kwamba haziingii tena kwenye kamera mpya. Wengi walikasirika, lakini kampuni ilisonga mbele. Nikon ilijivunia kwamba mdomo wake wa mwaka 1959 haukubadilika, na kweli ilikaa nao muda mrefu. Mwaka 2018 nayo ikaanzisha mdomo mpya kwa kamera zake mpya, na Canon ikafanya vilevile mwaka huo huo. Lensi za zamani unaweza kuzitumia kwa kipete cha kuunganisha, lakini kipete hicho unakinunua wewe. Waliopenda Minolta walijikuta mwaka 2006 kazi hiyo imekwenda mikononi mwa Sony. Na Kodak, jina ambalo wazee wetu walifikiri ndilo neno lenyewe la kamera, mwaka 2012 ilikwenda mahakamani Marekani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Silaumu kampuni. Ni wafanyabiashara, wanatafuta faida yao. Nalaumu kijana wa Goma anayeipenda kampuni kama timu ya mpira, wakati kampuni haijui kama yeye yupo. Hata wakubwa wa kazi hii hawana mapenzi hayo. Shirika la habari la Associated Press, lenye wapiga foto duniani kote, mwaka 2020 lilitangaza kwamba linahamia Sony. Lilipiga hesabu, likahama.

Mtaniambia tena: «Lakini kwenye mpira wa Ulaya tunaona zile lensi nyeupe za Canon pembeni ya uwanja.» Mnaziona, ndiyo. Kwenye Michezo ya Olimpiki kampuni kubwa zinaweka meza zao: mpiga foto akivunjikiwa, anatengenezewa, akikosa lensi, anaazimwa. Ni huduma nzuri, na ni tangazo pia. Hapa kwetu lensi ikivunjika hakuna meza ya kampuni inayokungoja. Kuna wewe, fundi wa mtaani, na rafiki mwenye moyo. Basi uaminifu wako uelekeze kwa huyo fundi na huyo rafiki.

Sasa niwaambie madhara ninayoyaona. La kwanza ni deni. Kijana anapokea zamu yake ya likelemba, pesa ambazo zingelipa kodi ya nyumba na shule ya wadogo zake, ananunua mwili wa kamera wenye jina kubwa. Lensi nzuri hana. Betri ya pili hana. Mahali pa kuhifadhi foto hana. Anakwenda kwenye ndoa, moto wa umeme umekatika tangu jana, betri inakufa kabla ya keki. Jina kwenye mkanda halikumsaidia. Angenunua kamera ya zamani ya kampuni yoyote, na pesa iliyobaki akanunua betri na diski mbili za kuhifadhi, familia ile ingekuwa na foto zake.

La pili ni kazi. Wanaotoa kazi, wawe familia za ndoa au mashirika yanayotafuta mpiga foto wa hapa, mara nyingi huanza kwa kuuliza una kamera gani. Swali hilo linaonekana dogo, lakini ni ungo unaochuja kwa pesa. Kijana aliyekimbia kijiji chake usiku na nguo moja hawezi kupita kwenye ungo huo. Anaweza kuwa na jicho kuliko wote, anaweza kuijua kambi nzima na kuaminiwa na akina mama wote, lakini ana simu yenye kioo kilichopasuka. Basi anaitwa mwingine kutoka mbali mwenye begi kubwa, ambaye kesho hatakuwepo. Na foto yako, mama, inaondoka naye.

Kwa wale waliohama, foto si pambo. Nyumba ikiungua, picha ya marehemu baba inaungua nayo. Mtoto akipotea njiani, foto yake husaidia kumtafuta. Foto ya shamba au ya nyumba hukumbusha mahali mtu alipotoka. Hakuna mzazi anayetafuta mtoto wake ambaye atauliza kama foto ilipigwa kwa Canon au kwa simu. Atauliza kama uso unaonekana, na kama foto ile bado ipo.

Kongo yetu ilishaonja jambo hili zamani. Mwaka 1904, huko Baringa, katika eneo la kampuni ya mpira ya ABIR, baba mmoja aitwaye Nsala alikuja na mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni. Mmisionari Mwingereza, mama Alice Seeley Harris, alimpiga foto akiwa ameketi akivitazama. Foto hiyo na nyingine kama hiyo zilizunguka Ulaya na Marekani, zikamtia aibu Mfalme Leopold. Mwaka uliofuata mwandishi Mark Twain aliandika kijitabu cha kumkejeli mfalme huyo, akamfanya alalamike kwamba Kodak ndiye shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Ni maneno makali, na yalifanya kazi yake. Lakini oneni sifa ilivyokwenda: jina la kampuni ndilo lililowekwa kwenye kiti cha shahidi. Shahidi hakuwa Kodak. Shahidi alikuwa Nsala, aliyeketi pale na maumivu yake, na yule mama aliyeamua kwamba jambo hilo lisifichwe.

Kila mnapoiacha kazi na kusifu marke, mnafanya vivyo hivyo. Mnampa chuma sifa ya mtu.

Basi nawaomba mambo machache. Nyinyi wapiga foto wazee wa kazi, mnapofundisha vijana, wafundisheni mwanga, subira na namna ya kumwomba mtu ruhusa kabla ya kumpiga foto. Mambo hayo yako sawa kwenye kila kamera na kwenye kila simu. Kama mnataka umoja wa aina moja, uwe wa kuazimana lensi na chaji, si wa kudharau wengine.

Nyinyi vijana, kabla ya kuomba deni, ulizeni maswali matatu: nani hapa mjini ataniazima lensi, nani ataitengeneza ikiharibika, na betri nitaipata wapi? Kampuni inayojibu vizuri maswali hayo ndiyo yako, hata kama haina sifa mtandaoni. Na ukishaipata, kaa nayo. Usihame kila mwaka kwa sababu kuna mpya.

Nyinyi mnaotoa kazi, ombeni kuona foto ishirini kabla ya kuuliza habari ya kamera. Vijana wa kambini wawe wa kwanza kuitwa kwa kazi ya kambini.

Na nyinyi wazazi, mkimlipa mpiga foto, msimuulize jina la aparei. Mwulizeni: foto zetu utazihifadhi wapi, na mwaka ujao nikizipoteza nitazipata kwako? Akijibu vizuri, mpeni kazi. Akianza kuwaonyesha mkanda wa shingoni, tafuteni mwingine.

Muandishi wenu, Goma.