Njia ya Changarawe na Haki ya Magurudumu Mawili

Katika mashamba ya Ufaransa umezuka, miaka hii ya karibuni, upenzi mkubwa wa kuendesha baiskeli katika njia zisizo na lami. Watu wenye nafasi hununua baiskeli za bei kubwa, zenye matairi mapana na usukani uliopinda, wakaziacha barabara laini kwa hiari yao, wakafuata vumbi na kokoto katikati ya mizabibu na misitu. Ramani huchorwa kwa ajili yao, vibao husimikwa, na safari zao husifiwa kwa maneno mazuri. Hayo si ajabu. Ajabu ni kwamba mtu wa Mpanda akitenda tendo lilo hilo, gunia la mpunga likiwa nyuma ya kiti chake, husemwa kuwa ameachwa na wakati. Kokoto ni zile zile na jasho ni lile lile. Kilichogawanywa kwa upendeleo ni heshima.

Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Rukwa, ni nchi ya masafa marefu. Toka mji wa Mpanda hata Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ni mwendo wa zaidi ya kilometa 100. Upande wa kusini iko Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na mbele yake njia hukata hifadhi kuelekea Kibaoni. Kati ya vituo hivyo kuna miombo, kuna vilima vya mawe, na kuna mbuga za udongo mweusi ambao mvua huugeuza kuwa gundi. Katika nchi kama hiyo baiskeli si mchezo. Hubeba tumbaku na asali, mahindi na mkaa, mwanafunzi na mgonjwa. Haili mafuta wala haihitaji karakana kubwa. Fundi aliyeketi chini ya mwembe huirudisha njiani kwa kiraka, gundi, pampu na ufunguo mmoja. Hapana chombo kingine kilichotumikia watu wengi kwa madai machache kiasi hicho.

Hata hivyo chombo hiki kina maadui watatu, na kila mmoja ana hoja yake.

Wa kwanza husema kuwa baiskeli ni alama ya ufukara, na kwamba kuitengenezea njia ni kuutengenezea ufukara makao. Hoja hii hupendeza masikioni, lakini haina miguu. Ufukara haumo katika magurudumu mawili. Umo katika mzigo usiofika sokoni na mtoto asiyefika shuleni. Nchi ya Uholanzi si fukara, na watu wake huenda kazini kwa baiskeli kila siku. Anayemdharau mpanda baiskeli kwa kuwa hana gari hufanana na mtu anayemnyima mwenye njaa ugali kwa sababu bado hajapata pilau.

Wa pili husema kuwa lami ndiyo dawa ya yote. Hapana mwenye akili anayeichukia lami. Barabara ya lami iliyounganisha Mpanda na Tabora ni neema kubwa, na aliyewahi kukwama katika tope la njia ile anajua thamani yake. Lakini lami huongeza mwendo wa magari, na mwendo wa magari humsukuma mwenye baiskeli pembeni. Pembeni pakiwa na nafasi ya kutosha, anapita salama. Pasipokuwa nayo, huchagua kati ya basi na mtaro. Na pale ambapo lami haijafika, gari liendalo mbio hukunja changarawe kuwa mawimbi madogo madogo yaliyopangana kama matuta ya viazi. Baiskeli haikuyatengeneza mawimbi hayo, lakini mwenye baiskeli ndiye anayeyalipa kwa mgongo wake.

Historia ya Mpanda yenyewe inatoa fundisho. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Serikali ya kikoloni ilijenga reli ya tawi toka Kaliua hata Mpanda, njia ya kilometa 210 hivi, kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1960. Madini yaliyoitwa sababu ya safari yalikoma, na watu ambao hawakuwa sababu ndio waliobaki kuitumia reli. Njia iliyopimwa kwa mizigo ya wakubwa peke yake imepimwa nusu. Nusu ya pili ni vijia vitokavyo shambani hata kituoni, na hivyo hakuna aliyevipima.

Adui wa tatu ndiye mpole kuliko wote, na kwa hiyo ndiye wa hatari zaidi. Yeye hapingi baiskeli. Husema tu kwamba vijia vipo, vimekuwapo tangu zamani, basi vya nini kuviandika? Wahenga walimjibu kabla hajazaliwa: mali bila daftari hupotea bila habari. Kijia hakifi kwa kishindo. Hufa siku shamba kubwa linapozungushiwa ua, au kiwanja kinapouzwa, au mpaka unapowekwa upya. Na asubuhi ya pili mwanamke aliyekuwa akienda kilometa 6 kufika kisimani au zahanati huenda 15. Kwa kuwa kijia hakikuwa na jina katika karatasi yoyote, hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kukiua.

Hapo ndipo Ufaransa inapostahili kuigwa, wala si katika baiskeli zake za bei kubwa. Njia za mashamba za nchi ile ni mali ya vijiji, nazo ziko wazi kwa watu wote. Tena sheria ya mwaka 1983 iliziruhusu wilaya zake kuu kuandika orodha ya njia za matembezi. Na njia ya kijiji iliyoandikwa humo haiwezi kuuzwa hata ikakatisha safari, isipokuwa idumishwe au ipatikane nyingine badala yake. Mauzo yasiyotimiza sharti hilo hubatilika. Wafaransa wamelinda namna hiyo njia za kujifurahishia. Je, njia za kupatia chakula zistahili ulinzi mdogo zaidi?

Tanzania haikosi chombo cha kufanyia kazi hii. Ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ipo mipango ya matumizi ya ardhi ambayo vijiji hujiwekea. Katika mipango hiyo huandikwa malisho, mashamba, misitu na makazi. Ziandikwe na njia za baiskeli, kwa majina yake, kwa vivuko vyake vya mito na kwa upana wake. Na liwekwe sharti kwamba anayeifunga moja afungue nyingine iliyo sawa nayo. Kalvati ndogo mahali pa tope, daraja la magogo penye kijito, na bega pana kando ya lami mpya: gharama za mambo hayo ni chembe mbele ya gharama za barabara kuu.

Watakuja watakaosema kuwa watalii nao wapewe njia za changarawe mkoani Katavi. Na wapewe, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hataponywa na njia inayochorwa kwa ajili ya mgeni huku yake mwenyewe ikifutwa. Aanze mwenye mpunga, afuate mwenye kamera.

Wasomi nao wana deni. Vitabu vimejaa habari za reli, za misafara ya kale na za magari. Habari za baiskeli ni haba, ingawa ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mavuno ya nchi hadi sokoni. Mwanafunzi anayetafuta jambo la kuchunguza asiende mbali. Achukue daftari, afuate kijia kimoja toka shambani hata mnadani, ahesabu vivuko vyake, aulize jina lake na ni nani aliyekifungua, kisha akiandike. Siku ua utakapokuja, karatasi hiyo itakuwa shahidi.