WATOTO NAO WAENDE ZIWANI

Ndugu wanachama, wako wanaonung'unika: "Safari ya Singida kutazama ndege ni anasa. Ndege si tunao tele shambani!" Sisi tunasema hapana.

Ni kweli, huku kwetu Dodoma ndege tunamjua kama adui. Kwelea kwelea wakishuka, uwele na mtama kwisha! Ndiyo maana mtoto wetu anajua kombeo kabla ya kalamu. Lakini si ndege wote wezi, na mtoto atajuaje bila kuonyeshwa?

Pale Singida mjini, kwenye maziwa ya Singidani na Kindai, hushuka heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu. Maji yale ni ya chumvi. Heroe wadogo huchuja humo mwani mdogo mno, na rangi yao hutokana na chakula hicho. Nafaka yetu hawaigusi. Tena kwa kuzaliana, karibu wote wa Afrika Mashariki hutegemea ziwa moja tu, Natron. Ukiwatupia mawe ufukweni, wanaacha kula na kuruka.

Kwa hiyo tunashauri: baada ya mavuno, ziada ya chama isaidie nauli. Waende baba, mama na watoto, wa kike na wa kiume, siyo wajumbe wa kamati peke yao. Chakula kila nyumba ijifungashie. Makombeo yabaki nyumbani.

Anayepinga aje aseme mkutanoni, siyo kilabuni.